Ubao wa Misumari, Kizota

Fundi Ndahani aliipanga mara ya kwanza kama gwaride:
msumari chini ya msumari, safu chini ya safu,
akarudi nyuma hatua mbili kuutazama unyoofu wake.
Nikamwaga mtama kushoto, mashudu ya alizeti kulia.
Mtama ukashuka kushoto. Mashudu yakashuka kulia.
Vikapita vichochoroni mwao
kama majirani waliogombania mpaka.

"Ng'oa," nikamwambia.
"Ning'oe? Misumari mia mbili na kumi, dada Nyemo?"
"Ng'oa. Kila mmoja usimame penye mwanya wa wale wa juu yake.
Isiwepo punje ya kufika chini
bila kuulizwa njiani."

Aling'oa kwa kununa, soda hakuimaliza.
Matundu ya zamani yapo hadi leo,
ubao wangu una makovu ya ndui.

Sasa sogea, sikiliza:
mvua juu ya bati,
ile tunayoidai tangu Novemba.
Punje inagonga, inasita
(au ni jicho langu linalosita)
inakwenda kushoto. Inagonga. Kulia. Kulia tena. Kushoto.
Uwele unapenya kama mtoto kwenye foleni ya bombani,
mahindi ya kuparaza yanadunda, yanatupwa pembeni,
pumba zinachelewa, zinashuka na vumbi lao,
na kuku wangu mia tatu, nyuma ya wavu,
wamekwisha kunyamaza.

Siku moja nilipaka punje kumi rangi ya kucha,
nyekundu, iliyobaki harusi ya Sechelela,
nikazidondosha kutoka tundu lile lile, moja baada ya moja,
kidole hakikutikisika.
Nne zikaangukia katikati. Tatu jirani yake.
Mbili mbali kidogo.
Ya kumi iliruka ukingo wa sanduku,
na tetea kiguru akaimeza kabla sijaandika.
Nikazirudisha juu zile tisa.
Hakuna iliyokumbuka njia yake.

Lakini mwaga debe zima. Mwaga gunia, mwaga msimu:
lundo linajijenga lile lile,
mgongo katikati, mabega yanateremka, pindo jembamba,
Mlimwa mdogo ndani ya sanduku la mbao.
Niulize punje hii itatua wapi, nitakuona mchokozi.
Niulize lundo,
nitakuchorea kwa mkaa ukutani kabla sijainua ndoo.

Zipo asubuhi za kukwama.
Magunia ya Kibaigwa yakija na mtama mnene,
punje tano hushikana mabega kati ya misumari miwili,
zinafanya tao, kama mlango wa kanisa,
na kilo arobaini zinasimama juu yake, kimya,
zimebebwa na tano.
Nagonga ubavuni kwa mpini wa nyundo.
Si kwa nguvu. Tao halitaki nguvu,
linataka kushtuliwa.

Tulidondoka kwa mama mmoja, mimi na Sechelela,
tumepishana dakika kumi na nane.
Gauni moja tulivaa kwa zamu, kibatari kimoja tulisomea.
Mwaka ule majina yalibandikwa kwenye ubao, ubao mwingine,
lake likawapo, langu halikuwapo.
Alama moja. Sijui hata ya somo gani.
Leo yuko Mtwara, anahesabu dawa bohari.

Jumapili hupiga simu.
"Bado unachezea misumari?"
Simjibu. Naiweka simu juu ya sanduku,
nainua ndoo, namwaga.
Anakaa kimya muda mrefu kule pwani,
kisha sauti yake inakuwa ya mtoto:
"Nyemo, huko imenyesha?"

Nachota ndoo nyingine.